Viti Kinshasa, Shamba Fizi

Mwaka jana nilisaidia kuendesha semina ya siku tatu hapa Nyarugusu. Mada ilikuwa utawala bora na ujenzi wa amani. Mwezeshaji alitoka mbali, mtu mpole, na alikuwa amejiandaa. Alibandika karatasi kubwa ukutani akaandika maneno manne: uwazi, uwajibikaji, ushirikishwaji, utawala wa sheria. Kazi yangu ilikuwa kutafsiri panapohitajika, kugawa kalamu, na kuandika majina ya waliohudhuria.

Siku ya pili msichana mmoja wa miaka kumi na tisa hivi akanyoosha mkono. Kazaliwa hapa hapa kambini, kama mimi. Akauliza: "Tukirudi Fizi, shamba la marehemu baba nitaliuliza kwa nani? Kwa chifu, kwa mkuu wa sekta, mahakamani, au kwa yule anayelilima sasa? Na mimi ni msichana, watanisikiliza?"

Mwezeshaji akashukuru kwa swali zuri. Akachukua karatasi nyingine, akaandika juu yake "Maswali ya Baadaye", na swali likaingia humo. Semina ikaisha, tukapiga picha, tukanywa soda. Ile karatasi niliikunja mimi, na ninayo mpaka leo.

Siandiki haya kumsema mwezeshaji. Alifuata kitabu alichopewa. Ninachotaka kukihakiki ni wazo lililo ndani ya kitabu kile, kwa sababu ndilo lililotumika kujenga amani ya Kongo kwa zaidi ya miaka 20: kwamba ukishapanga vizuri serikali ya juu, amani itateremka yenyewe mpaka kijijini. Nimeisoma katiba yetu, nimesoma mapatano kadhaa, na nimewasikiliza wazee wa mtaa wetu. Naona wazo hilo limetuangusha, na mahali lilipotuangusha ndipo pale pale aliposimama yule msichana.

Tuanze na haki yake, maana mhakiki asiyetoa haki ni mlalamikaji tu. Desemba 17, 2002, mjini Pretoria, serikali ya Kinshasa, waasi, upinzani usio na silaha na vyama vya kiraia walisaini mapatano ya pamoja. April 2003 yakathibitishwa Sun City, na katikati ya mwaka huo serikali ya mpito ikaanza kazi. Wazee wanaiita mpaka leo "moja jumlisha nne": rais mmoja, Joseph Kabila, na makamu wa rais wanne, yaani Jean-Pierre Bemba, Azarias Ruberwa, Abdoulaye Yerodia na Arthur Z'ahidi Ngoma. Bunge la mpito lilikuwa na viti 500, seneti viti 120. Mawaziri na manaibu wao walifika 61.

Nchi iliyokuwa imekatwa vipande ikawa na serikali moja. Barabara na anga zikafunguka. Desemba 2005 watu wakapiga kura ya kukubali katiba mpya, Februari 18, 2006 ikatangazwa rasmi, na Julai 30 mwaka huo wakapiga kura ya rais na wabunge. Katiba ile si kitu kidogo. Kifungu cha 220 kinakataza kabisa kubadilisha idadi na urefu wa mihula ya rais. Muhula wa pili wa Kabila ulipokwisha Desemba 2016 na uchaguzi ukawa haujafanyika, watu waliingia barabarani wakiwa na kifungu hicho kichwani, na wengine walikufa kwa ajili yake. Alichelewa miaka miwili, lakini Januari 2019 aliondoka. Kwa hiyo anayesema karatasi hazina kazi, mimi sikubaliani naye.

Lakini sasa tushuke mpaka ziwani.

Baba yangu mdogo alikimbia Fizi mwaka 1996. Mwaka 2007, baada ya uchaguzi, aliamua kurudi. Wakati huo meli zilikuwa zinachukua wakimbizi kutoka Kigoma kuwapeleka Baraka, kazi iliyoanza mwaka 2005. Mimi nilikuwa mtoto, nakumbuka mabati mawili aliyoyafunga kwa kamba, na mama akimwambia asisahau kutuma habari. Redio ilikuwa imesema nchi ina rais aliyechaguliwa na wananchi. Kwake hiyo ilikuwa na maana moja: nyumbani kumetulia.

Alikuta shamba lake la mihogo na michikichi linalimwa na mtu mwingine. Mtu huyo hakuwa mwizi. Naye alikuwa amefukuzwa na vita kutoka juu, akaonyeshwa sehemu ya kulima na chifu, akapewa karatasi yenye muhuri. Baba mdogo naye hakuwa na karatasi. Alikuwa na kaburi la babu yake na mwembe. Akaenda kwa chifu, akaambiwa alete mbuzi na kreti ya bia ndipo kesi isikilizwe. Akaleta. Akaenda ofisini, akaambiwa kuna ada ya kufungua faili, risiti hakupewa. Mahakama ya mjini ilikuwa mbali na nauli hana. Baada ya mwaka mmoja uamuzi ulitoka mara mbili: mara ya kwanza shamba ni lake, mara ya pili shamba ni la yule mwingine. Hapo wakaanza kutishiana mapanga. Mwaka 2009 alirudi Nyarugusu, bila mabati.

Nilipokuwa mkubwa nilijiuliza: kwani sheria ilikuwa inasema nini? Nikaitafuta. Sheria ya ardhi ya Kongo ilitoka Julai 1973. Inasema ardhi ni mali ya dola. Kuhusu ardhi ambayo wanakijiji wanaikaa na kuilima kwa mila, kifungu cha 389 kinasema haki zao zitapangwa kwa amri ya rais. Baba mdogo alipofika Baraka, miaka 34 ilikuwa imepita na amri hiyo ilikuwa haijatoka. Maana yake mkulima wa kawaida, ambaye ndiye wengi wetu, alikuwa analima juu ya ahadi. Chifu anasema ardhi ni ya mila, ofisi inasema ni ya dola, na katikati yao amesimama mtu na mbuzi.

Jambo hili lilijulikana. Wakongomani walilisema, watafiti walilisema, na wazee wa Kivu walilisema tangu kabla ya vita. Lakini angalia meza ya Pretoria na Sun City iligawa nini: urais, makamu, wizara, viti vya bunge, vyeo vya jeshi, kampuni za serikali. Kila aliyekuja na bunduki alikuwa na orodha ya viti. Wafadhili na Umoja wa Mataifa nao walikuwa na orodha yao: katiba, uandikishaji wa wapiga kura, uchaguzi, serikali halali. Ni orodha inayohesabika. Tarehe ya uchaguzi unaweza kuiandika kwenye ripoti. Ugomvi wa mpaka wa shamba huko Fizi utauandikaje? Hauna sherehe ya kufungua wala ya kufunga.

Cha ajabu, katiba ya 2006 yenyewe iliahidi kushuka. Kifungu cha 3 kinasema miji, komini, sekta na machifu wenye maeneo yao watakuwa na mamlaka yao, wakiongozwa na vyombo vya mahali hapo. Kifungu cha 175 kinasema asilimia 40 ya mapato ya taifa ni ya majimbo na ikatwe pale pale inapopatikana. Soma ukurasa huo halafu nenda sokoni ukaulize. Kwa miaka mingi pesa ilipanda Kinshasa kwanza, kisha ikateremka kidogo, kama ikiteremka. Na uchaguzi wa mabaraza ya chini, ambao ulikuwa umalizie mzunguko ule wa 2006, haukufanyika. Haukufanyika mwaka 2011, wala 2018. Desemba 2023 ndipo madiwani wa komini walipochaguliwa, tena katika miji mikuu ya majimbo tu. Sekta nne za Fizi, yaani Mutambala, Ngandja, Lulenge na Tanganyika, hazikuwamo.

Kwa hiyo mtu wa Fizi ameweza kumpigia kura rais mara nne, mwaka 2006, 2011, 2018 na 2023, lakini hajawahi hata mara moja kumpigia kura diwani wa sekta anayejua njia ya kwenda shambani kwake. Hapo ndipo naposema nyumba ilianzwa na bati.

Matokeo yake tumeyaona ya aina tatu.

La kwanza, bunduki ilijifunza bei yake. Ikiwa kiti kinapatikana kwa kushika silaha, aliyekosa kiti atarudi porini kukitafuta. Machi 23, 2009 serikali ilisaini mapatano na waasi wa CNDP, wakaingizwa jeshini na vyeo vyao. Mwaka 2012 baadhi yao wakaasi tena, wakajiita M23 kwa tarehe hiyo hiyo, na Novemba wakaingia Goma. Januari 2025 M23 wakaingia Goma tena, Februari wakaingia Bukavu. Kwetu Fizi nako vikundi vya Mai-Mai viliendelea kutoka na kuingia msituni kwa madai ya vyeo. Wakati huo wote, kijana aliyebaki na jembe lake hakuitwa mezani. Nafanya kazi na vijana, nawaambia ukweli: somo hilo wamelielewa kabla hatujafungua kitabu cha semina.

La pili, yalijengwa majengo badala ya mamlaka. Kuanzia mwaka 2009 kulikuwa na mpango wa serikali wa kuituliza mashariki, STAREC, ukisaidiwa na wafadhili na Umoja wa Mataifa. Barabara ya Baraka, Fizi mpaka Minembwe ilikuwa moja ya njia zilizochaguliwa. Fikra ilikuwa: tengeneza barabara, jenga kituo cha polisi, jenga ofisi, na dola itarudi. Lakini dola ni mtu anayelipwa mshahara, anayekupa risiti, na ambaye ukimshtaki utasikilizwa. Polisi asiyelipwa ukimpa ofisi mpya umempa mahali pazuri pa kukudai pesa. Barabara mbovu angalau ilikuwa inamchosha.

La tatu ni zito, na najua likitajwa mtaani kwetu watu wananyamaza au wanapandisha sauti. Ni komini ya Minembwe. Juni 2013 serikali ilitoa amri ya kuzipa sehemu nyingi nchini hadhi ya mji au komini, Minembwe ikiwemo. Ilikuwa sehemu ya kugatua madaraka, jambo zuri kwenye karatasi. Mwishoni mwa Septemba 2020 uongozi wa komini hiyo uliwekwa rasmi. Banyamulenge wengi waliona hatimaye wametambuliwa, wana ofisi ambayo hawafukuzwi mlangoni. Wabembe, Wafuliiru na Wanyindu wengi waliona ardhi ya mababu inakatwa bila wao kuulizwa. Kelele zikajaa nchi nzima, na Oktoba hiyo hiyo Rais Tshisekedi akiwa Goma akatangaza kusimamisha. Huku juu milimani vijiji vilikuwa vimeshaungua, ng'ombe wameshaporwa, na watu wa makabila yote wako njiani na mikeka kichwani.

Sitaki kuamua hapa nani ana haki. Baadhi yenu mnaosoma mmezika watu huko, na mko pande zote mbili. Nataka kuonyesha kitu kimoja: uamuzi wa kuanzisha ulitoka juu na uamuzi wa kusimamisha ukatoka juu. Katikati hapakuwa na baraza lolote lililochaguliwa ambamo mtu wa Minembwe na mtu wa Lulenge wangekaa wabishane juu ya mto upi ndio mpaka. Baraza hilo limeandikwa kwenye katiba. Kwa kuwa halikuwepo, mpaka ukajadiliwa kwa moto.

Kuna wanaonipinga, na wana hoja. Wengine wanasema bila kugawa viti wenye silaha wasingekubali kusimamisha vita, na watu wangeendelea kufa. Ni kweli, na mwaka 2003 pengine hata mimi ningesaini. Kosa naliona baadaye: kugawa viti kulitakiwa kuwe mlango, sisi tukafanya sebule. Wengine wanasema uchaguzi wa vijijini penye chuki ungeleta mapanga. Nao nawasikia. Ndiyo maana sisemi tuanze na kura. Tungeanza na vitu vidogo ambavyo kabila zote mbili zinavitaka: daftari la ardhi linalosomwa hadharani, ada ya kesi iliyobandikwa ukutani, risiti kwa kila kodi ya soko. Na wengine, hasa wazee, wanasema vita hivi vinaletwa na nchi za nje na wapenda madini, utawala wa kijiji haumhusu mtu. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika zaidi ya mara moja kwamba M23 wanasaidiwa na Rwanda, na Juni 27, 2025 mawaziri wa Kongo na Rwanda walisaini mapatano yao Washington. Sawa. Lakini anayekuja kutoka nje hutafuta wa ndani mwenye uchungu. Baba mdogo aliniambia kwamba wiki ile shamba lilipotolewa kwa mara ya pili, alifuatwa usiku na vijana wakamwambia, mzee, sisi tutakusaidia kulirudisha. Alikataa. Wangapi hawakukataa?

Sasa nawageukia ndugu zetu wa mashirika, maana najua mnasoma jarida hili na wengine wenu mnatununulia karatasi. Tunashukuru kwa semina. Lakini sisi utawala hatukuanza kuusikia kwenu. Bomba la maji la mtaa wetu lina kamati. Kamati ya kwanza ilikuwa na mwenyekiti, makamu, katibu, mhazini, na maji yakawa yanagombewa kila asubuhi mpaka ndoo zikavunjika. Mama mmoja akasema tuandike foleni kwenye daftari, daftari likae juu ya jiwe kila mtu alione, na atakayefuta jina la mwenzake apoteze zamu siku mbili. Ugomvi haukuisha wote, ila ndoo zilipona. Mwenyekiti ni yule yule.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Semina ianze na maswali ya watu, yale maneno manne yaje baadaye kama yatahitajika. Na mtu anapoulizwa kama yuko tayari kurudi, asiambiwe tu kwamba kuna serikali na kumefanyika uchaguzi. Aambiwe shamba lake atalidai kwa nani, kwa ada gani, na akishindwa atakata rufaa wapi. Tangu Januari 2025, Marekani iliposimamisha kupokea wakimbizi, kaya nyingi hapa zilizokuwa zinasubiri safari zimeanza upya kuhesabu njia zilizobaki. Kurudi ni mojawapo. Haifai mtu arudi kwa habari ya redio, kama alivyorudi baba mdogo.

Nasi vijana hatuwezi kukaa tunasubiri. Baada ya ile semina, wachache wetu tulinunua madaftari ya shule. Kila Jumamosi tunakaa na wazee, mmoja mmoja, wanatutajia shamba lao: lilianzia kijito gani, liliishia mti gani, jirani wa kulia nani, wa kushoto nani, nani alikuwa anapita na ng'ombe wakati wa kiangazi. Jirani akiwa yuko kambini tunamfuata naye atoe yake. Madaftari haya hayana nguvu ya sheria, tunalijua hilo. Wazee wawili, mmoja wa ziwani na mmoja wa milimani, walibishana juu ya kijito kimoja saa mbili nzima. Tukaandika maelezo yote mawili, kila mmoja akaweka dole gumba chini ya lake, kisha wakaombana tumbaku. Mzee mwingine alifika nusu ya shamba lake akasema amechoka, tuendelee wiki ijayo. Hatukuendelea. Tulimzika siku ya Alhamisi.

Yule msichana naye alikuja, na mama yake. Mama alikuwa mdogo walipokimbia, anachokumbuka ni mwembe na sauti ya maji upande wa kushoto wa nyumba. Tumeandika hivyo hivyo. Tunamtafuta mtu wa kijiji chake anayekumbuka zaidi. Kama ni wewe, tupo kituo cha vijana, Jumamosi, saa tatu asubuhi.